Ndoa, kazi, mirathi na uzee: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Busia

Maswali haya yanaletwa mezani kwangu, upande wa Uganda wa mpaka, na wachuuzi, walimu wastaafu, wapishi wa hoteli, utingo wa malori na akina mama wenye bahasha zilizokunjwa mara nne. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Jambo likinizidi nampeleka mtu kwa wakili. Majibu ni ya sheria ya Uganda. Nalisema mapema kwa sababu hapa kwetu mtu anavuka geti kununua sukari na kurudi na sheria ya Kenya kichwani, kisha anashangaa haifanyi kazi huku.

Tumeishi pamoja miaka kumi na miwili, tuna watoto wanne. Si mimi ni mke wake kisheria?

Kama hamkufunga ndoa yoyote, mama, hapana. Hili ndilo jibu ninalolichukia kuliko yote, na ndilo ninalolitoa mara nyingi zaidi. Uganda haina idadi ya miaka ambayo ikitimia mnageuka mume na mke. Iwe miwili, saba au ishirini, mbele ya hakimu nyinyi ni watu mlioishi pamoja. Kule Kenya mahakama inaweza, kwa masharti magumu, kudhania kuwa ndoa ipo kwa walioishi pamoja muda mrefu. Nadhani uvumi wa "mkikaa miezi sita mshaoana" ulivuka geti ukitokea huko.

Ndoa zinazotambuliwa ni ya kanisani, ya serikali mbele ya msajili, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kimila. Hiyo ya mwisho wengi wanayo bila kujua. Kama posa ilipokewa, wazee wakakaa na mahari ikatolewa kwa desturi ya ukoo wenu, huenda umeshaolewa, na kilichobaki ni karatasi tu. Sheria inataka ndoa ya kimila isajiliwe ndani ya miezi 6 tangu sherehe zikamilike, wawili nyinyi mkifika kwa msajili na mashahidi wasiopungua wawili. Kwa watu wa vijijini ofisi hiyo iko gombolola, yaani kaunti ndogo.

Kuna mama aliyekuja na daftari la shule lenye jalada la twiga. Ndani, kwa kalamu ya bluu, kaka yake alikuwa ameandika vilivyoletwa siku ya kwanjula (utambulisho wa mchumba kwa wazazi): ng'ombe 3, mbuzi 2, gomesi ya mama, kanzu ya baba, sukari, sabuni, taa ya chemli. Chini walitia sahihi wazee wa pande zote mbili. Mume alikuwa ameanza kusema kwamba hakuwahi kuoa, kwamba yule alikuwa "rafiki tu". Mbele ya lile daftari alinyamaza. Kama nyumbani kwenu kuna daftari la namna hiyo, litoe darini kabla panya hawajalifikia.

Tukitaka ndoa ya serikali, tunasubiri muda gani?

Mnatoa notisi, inabandikwa kwa siku 21, na isipopingwa mnafunga. Wote wawili mwe na miaka 18 au zaidi. Katiba ya 1995 haikuacha mlango hapo, hata kama wazazi wamekubali.

Nikiachana na mume, ni lazima wazazi wangu warudishe ng'ombe kwanza?

Hapana. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi la Tororo, ilisema kuwa kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Kutoa mahari kwenyewe hakukukatazwa. Kwa hiyo mzee akikwambia "rudisha ng'ombe wetu ndipo uende", mjibu kwa heshima kwamba hilo lilishaamuliwa. Shikamoo yake mpe, ng'ombe hapana.

Talaka ya ndoa ya kanisani au ya serikali hutolewa na mahakama peke yake. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji au mtaa, hana uwezo wa kuvunja ndoa, hata akikuandikia barua yenye mhuri. Na tangu uamuzi wa mwaka 2004 sababu za kuomba talaka ni zile zile kwa mke na kwa mume: uzinzi, ukatili, kutelekezwa miaka 2 au zaidi. Zamani ilitosha mume athibitishe uzinzi tu, ilhali mke alitakiwa auongezee kosa jingine.

Mume wangu anataka kuuza shamba. Anasema hati ina jina lake, mimi sihusiki.

Unahusika. Sheria ya Ardhi ya 1998, baada ya marekebisho ya 2004, inalinda ardhi ya familia: pale penye nyumba yenu ya ndoa, au shamba mnalolitegemea kwa chakula na riziki. Mume hawezi kuiuza, kuiweka rehani wala kuikodisha bila idhini yako ya maandishi, na wewe vilevile bila yake. Jina lililoko kwenye hati halibadilishi kitu hapo. Mauzo yaliyofanywa bila idhini hiyo ni batili, na mnunuzi atabaki kumdai aliyemuuzia.

Ndiyo maana wanunuzi wajanja siku hizi hawaulizi bei kwanza, wanauliza: mama yuko wapi? Wasio wajanja huletewa mwanamke yeyote aje aseme yeye ndiye mke. Nimeiona hiyo mara mbili. Mara ya pili dada wa watu alikuwa amelipwa soda na nauli, na hakujua hata jina la pili la "mume" wake.

Ukisikia fununu za mauzo, usingoje kuwaona wapimaji. Kama ardhi imesajiliwa, weka zuio kwenye ofisi ya ardhi. Kama ni kibanja (ardhi unayoikalia bila hati) au ardhi ya kimila, peleka barua kwa mwenyekiti wa LC wa kijiji na kwa majirani wa mipakani, ubaki na nakala iliyopigwa mhuri.

Sasa rudi kwenye swali la kwanza. Ulinzi huu ni wa mume na mke. Aliyeishi na mwanaume miaka kumi bila ndoa atasimama mbele ya mnunuzi mikono mitupu, labda athibitishe kwamba pesa yake iliingia kwenye ardhi ile.

Tukiachana, mali si inagawanywa nusu kwa nusu?

Si lazima. Mwaka 2013, katika kesi ya Rwabinumi, Mahakama ya Juu ilisema ndoa peke yake haikupi nusu ya kila kitu. Inatazamwa mali gani ni ya ndoa na kila mmoja alichangia nini, na mchango si pesa tu: kulea, kulima na kutunza nyumba vinahesabika. Tatizo ni kwamba kulima hakuna risiti. Weka ulizonazo, za mabati, za saruji, hata ujumbe wa pesa uliyomtumia fundi kwa simu.

Baba wa mtoto hatoi chochote. Hatukuoana. Nina haki gani?

Haki ni ya mtoto, na haijali kama mlioana. Kila mzazi anawajibika kumlisha, kumvisha, kumsomesha na kumtibu mpaka afike miaka 18. Anza kwa afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya. Atamwita baba, mtakaa, na mara nyingi mambo huishia pale kwa makubaliano yaliyoandikwa. Akikaidi, mnaenda Mahakama ya Familia na Watoto. Akikana kwamba mtoto ni wake, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba.

Akianza kutoa, atoe kwa simu, si mkononi. Wanaume pia nawaambia hivyo hivyo. Kuna kaka mmoja, dereva wa boda, alikuwa akitoa 50,000 kila mwezi mkononi kwa miaka miwili. Siku ya siku akaambiwa hajawahi kutoa hata mia. Mimi nilimwamini, lakini imani yangu haina mhuri.

Ananipiga. Mwenyekiti ananiambia nirudi nyumbani tukasuluhishe.

Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na kipigo ni kosa la jinai. Nenda polisi, dawati la familia na watoto, uchukue fomu ya polisi namba 3 na ijazwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla uvimbe haujashuka. Kusuluhishana mtasuluhishana ukiwa salama.

Nafanya kazi dukani miaka mitatu, sina mkataba wa maandishi. Mimi ni mfanyakazi kweli?

Kweli kabisa. Sheria ya Ajira ya 2006 inatambua hata mkataba wa mdomo, na inamlinda msichana wa kazi za nyumbani sawa na karani wa benki. Zaidi ya hayo, mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Kama hakukupa, kosa ni lake. Wewe kusanya kinachoonyesha ulikuwepo: ujumbe wa mshahara, picha ukiwa kaunta, sare, daftari la zamu.

Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na hurefushwa mara moja kwa miezi 6 mingine ukikubali mwenyewe. Mtu aliye "kwenye majaribio" mwaka wa tatu anachezewa.

Saa za kazi ni 48 kwa wiki. Likizo yako ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi 4 uliyofanya, yaani siku 21, na unalipwa ukiwa nyumbani.

Bosi alinipigia simu Jumapili akasema nisirudi. Nifanye nini?

Usikae mwezi mzima ukiomba msamaha. Siku zinahesabiwa.

Kama amekuachisha kwa kosa au kwa uzembe, alipaswa kwanza akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na akuruhusu kuja na mtu wa kukusindikiza. Asipofanya hivyo anakudai malipo ya wiki 4 kwa hilo peke yake, hata kama kosa lilikuwepo. Nasema vibaya: wewe ndiye unayemdai yeye! Watu wakishakaa sana kwenye madeni husahau nani anamdai nani, na mimi pia.

Kisha kuna notisi, au pesa badala yake. Aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 bila kufika mwaka anapewa wiki 2. Mwaka 1 hadi 5, mwezi 1. Miaka 5 hadi 10, miezi 2. Kuanzia miaka 10, miezi 3. Aliye kwenye majaribio ni siku 14, au mshahara wa siku 7. Ongeza likizo ambazo hukuchukua na mshahara wa siku ulizofanya. Hesabu hii ifanye kwenye karatasi kabla hujaenda kuonana naye, kwa sababu atakutolea noti tatu na kukuambia utie sahihi kwamba "hamdaiani". Sahihi hiyo ndiyo iliyowamaliza wateja wangu wengi.

Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yapeleke kwa afisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi 3. Hakuna ada ya wakili pale, na unaweza kujieleza mwenyewe. Zikipita siku 90 bila uamuzi, unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda. Wilaya nyingine afisa huyo ana kiti na meza lakini hana mafuta ya pikipiki, kwa hiyo jiandae kupeleka barua za wito wewe mwenyewe.

Nina mimba. Bosi anasema nikienda kujifungua anaweka mtu mwingine.

Una siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, mshahara kamili, na angalau wiki 4 ziwe baada ya kujifungua. Kukuachisha kwa sababu ya mimba ni kinyume cha sheria. Baba naye ana siku 4, ingawa wanaume wengi huona haya kuziomba.

Kima cha chini cha mshahara ni shilingi ngapi?

Utacheka. Kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kinachokulinda ni mapatano yako na mwajiri, yaandike.

Niliumia kazini. Bosi alilipa kliniki siku ya kwanza, basi.

Mjulishe kwa maandishi ndani ya mwezi 1 tangu ajali, kisha uende kwa afisa wa kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000 inamtaka alipe kwa ulemavu uliobaki, na mfanyakazi akifariki wategemezi wake wanastahili mapato yake ya miezi 60. Hata kama ulizembea kidogo, fidia haipotei hivi hivi.

NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, inanihusu? Tuko wafanyakazi watatu tu.

Zamani mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya watano hakulazimika. Marekebisho ya Januari 2022 yaliondoa mpaka huo. Sasa hata mwenye mfanyakazi mmoja anachangia. Wewe unakatwa 5 kwa mia, yeye anaongeza 10 kutoka mfukoni mwake. Kwa mshahara wa 400,000 utakatwa 20,000, yeye aweke 40,000, na kwenye akaunti yako iingie 60,000. Wapo mabosi wanaomkata mfanyakazi zote 15. Huo ni wizi. Wapo wanaokata na wasipeleke, na mfanyakazi hugundua akiwa na mvi. Pesa ya mwezi huu inapaswa kufika kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao, kwa hiyo angalia salio kwenye simu yako tarehe 20, si ukifika miaka 55.

Miaka 55 ndiyo ya kuchukua zote. Ukiwa na 50 na umekaa mwaka bila ajira, unaweza pia. Ukifika 45 na umechangia miaka 10, unaruhusiwa kuchukua mpaka asilimia 20. Mwenye ulemavu ni kuanzia miaka 40, asilimia 50. Naulizwa kama ni vizuri kuchukua hiyo ya 45. Kama ni kumalizia paa la nyumba ambayo utaishi, sawa. Kama ni kununua gari la mtumba la biashara na shemeji ndiye dereva, acha ilale.

Wachuuzi na watu wa boda wanaweza kujiwekea wenyewe kwa hiari.

Wosia lazima uandikwe na wakili?

Hapana. Mtu wa miaka 18 au zaidi, mwenye akili timamu, anaweza kuuandika kwa mkono wake. Uwe na sahihi yako mbele ya mashahidi wawili walio hapo pamoja, nao watie sahihi. Tia sahihi kila ukurasa. Shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake, maana zawadi yake inaweza kubatilika. Wazee wetu hupenda kumfanya mwana mkubwa shahidi kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo wanamnyima urithi. Taja pia nani atasimamia, na mwambie mtu mmoja unaouamini uaminifu wake karatasi iko wapi.

Baba amekufa bila wosia. Ukoo umekaa siku ya kuanua tanga na kumtawaza mrithi. Yeye sasa ndiye mwenye mali?

Hapana, na hapa ndipo ndugu hupigana mapanga. Mrithi wa kimila anavaa vazi la gome la mti au kanzu, anakabidhiwa mkuki na kiti cha baba, na sheria inamheshimu kwa asilimia 1. Mali zinazobaki zinagawanywa hivi, kwa marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022: mjane au mgane asilimia 20, watoto 75, jamaa waliokuwa wakimtegemea marehemu 4. Wajane wakiwa wawili wanagawana hiyo 20.

Chukua mzee aliyeacha mashamba na mifugo vya thamani ya milioni 40, mjane mmoja na watoto watano. Mjane anapata milioni 8. Watoto milioni 30, kila mmoja 6, wa kike sawa na wa kiume, na wale wa nje ya ndoa wamo. Usiwafiche, watakuja na mama zao. Mama mzazi wa marehemu aliyekuwa akilishwa naye anapata 1,600,000. Mrithi wa kimila 400,000, pamoja na mkuki wake.

Nyumba waliyokuwa wakiishi haiingii kwenye mgawo huo. Inabaki kwa mjane na watoto, na kumfukuza humo ni kosa la jinai. Aliyeishi na marehemu bila ndoa hahesabiwi kwenye ile 20, ila watoto wake wanahesabiwa kwenye 75.

Hakuna anayeruhusiwa kuuza chochote kabla ya hati ya usimamizi. Mnaanza na cheti cha kifo na barua ya LC, mnaripoti kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali, mnapewa cheti cha kutopinga, kisha mnaomba hati mahakamani. Mahakama ipi, inategemea thamani ya mali. Tangazo hutolewa siku 14 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Anayeuza ng'ombe wa marehemu kabla ya hapo "kulipia gharama za matanga" anaweza kushtakiwa, awe amiri wa ukoo au nani.

Bibi yangu ni mzee sana. Zile pesa za wazee anazipataje?

Mpango wa SAGE ulipopelekwa nchi nzima umri uliwekwa miaka 80, na malipo ni shilingi 25,000 kwa mwezi, ambayo hutolewa kwa kulimbikiza miezi kadhaa. Muulize afisa maendeleo wa gombolola. Kinachowakwamisha wengi ni kitambulisho cha taifa: siku ya kuandikisha, kijana wa kompyuta alimtazama bibi usoni akabuni mwaka. Nina bibi hapa aliyezaliwa, kwa mujibu wa kadi, miaka mitatu baada ya mwanawe wa kwanza. Ombeni marekebisho NIRA, ofisi ya vitambulisho vya taifa, mapema, mkibeba cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya zamani, na vitambulisho vya watoto wake wakubwa.

Fomu zote ni za Kiingereza. Naweza kusema Kiswahili mahakamani?

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, ila kumbukumbu za mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Ukishtakiwa kwa jinai na huelewi lugha inayotumika, una haki ya mkalimani bila malipo. Kwenye kesi za madai, mwambie karani siku ya kwanza kabisa kwamba unahitaji mkalimani, usingoje mpaka jina liitwe. Fomu tutazijaza pamoja hapa mezani. Njoo na kitambulisho, nakala za karatasi zako na kalamu, kwa sababu za kwangu huondoka na watu.